Buti Chini ya Mnara

Buti lilikuwa mezani juu ya gazeti la wiki iliyopita, na Inspekta alikuwa amelikodolea macho tangu saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa haijakata kwa siku nne. Kituo cha polisi cha kisiwa kile kilikuwa na vyumba viwili na paa la bati lililochoka, na sakafuni palikuwa na ndoo tatu za kukinga matone. Siku ya kwanza Inspekta alidhani ndoo zile zina mpangilio. Siku ya pili alipong'amua kuwa Konstebo huzisogeza tu panapovuja, kisha hujikwaa mwenyewe, aliacha kuuliza.

"Afande, mimi sikufundishi kazi," alisema Konstebo, na hapo Inspekta akajua anafundishwa kazi. "Lakini wale mafundi wangeacha kuchimba pale mnarani, sasa hivi sote tungekuwa tunakunywa chai yetu kwa raha."

"Wangeacha, mnara ungeingia baharini."

"Ungeingia taratibu."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwembamba, mwenye sura ya kazi, na tangu ashuke kwenye boti hakuna aliyeyaona meno yake. Wakubwa zake walimtuma huko kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mawimbi yalikuwa yameula msingi wa mnara wa mashujaa, ukuta wa mawe wenye majina kumi ya vijana waliokwenda vitani miaka arobaini iliyopita wasirudi. Mafundi walioitwa kuukarabati walichimba chini ya sakafu yake wakakuta mifupa ya mtu. Sasa, mnara ule haukuwa kaburi. Wale kumi walifia mbali, wakazikwa huko huko, na kisiwani hakikurudi hata kitambaa. Kwa hiyo mifupa ile haikuwa na haki ya kuwa pale. Muuguzi wa zahanati aliikagua akasema ni ya mwanamume kijana, mrefu, aliyepasuka fuvu nyuma ya sikio, na kwamba alilazwa pale kabla ya sakafu kumwagwa, maana zege lote juu yake lilikuwa zima. Nguo zilikuwa zimekwisha. Mabuti yalikuwa yamebaki.

"Hebu hesabu hii misumari," Inspekta alisema, akaligeuza buti soli juu.

Konstebo akainama, tumbo likagusa meza. Kwenye kisigino palikuwa na misumari saba ya shaba, sita kwa duara na mmoja katikati.

"Lahaula! Hiyo ni alama ya marehemu Fundi Viatu. Viatu vyangu vya kwanza vya shule vilikuwa nayo. Duka siku hizi analo binti yake, Bi Fundi." Akashusha sauti, ingawa mle ndani walikuwa wawili tu. "Ila ukienda kule, usimtajie kaka yake. Alitoroka jeshi. Wenzake wanakwenda kufa, yeye akaingia mitini. Mzee hakuinua kichwa tena mpaka siku anazikwa. Hata leo hapa kwetu mtoto akiogopa giza anaitwa kwa jina hilo. Mtoro."

"Alitoroka lini?"

"Wakati ule ule wa safari. Mwezi ule ule."

Inspekta akalifunga buti kwenye gazeti, akachukua koti lake.

*

Duka lilikuwa mwisho wa mtaa wa soko, chumba chembamba kilichojaa harufu ya gundi na ngozi. Bi Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, kiatu cha mtu kimebanwa magotini, msharasi mkononi, anatoboa tundu moja baada ya jingine bila haraka. Alikuwa na miaka hamsini na mitano hivi. Hakuinuka.

"Karibuni. Kama ni kisigino, leo siwezi. Kama ni maneno, kaeni."

"Ni maneno, dada," alisema Inspekta, akalifungua gazeti.

Bi Fundi alilipokea buti kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye ncha, akautoa. Konstebo alifungua mdomo aseme kitu, Inspekta akamkata jicho, akaufunga.

"Hili alishona baba," Bi Fundi alisema mwishowe. "Tena ni la vita. Jeshi lilitangaza kila kijana aje na viatu vyake madhubuti. Baba alishona jozi kumi na mbili kwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyekuwa natia nta nyuzi, mpaka vidole vikachanika."

"Kumi na mbili? Si walikwenda kumi na mmoja, wakafa kumi, akarudi mmoja tu, Koplo?" Inspekta aliuliza.

"Boti la kwanza lilichukua kumi na mmoja. Boti la pili lilikuwa lije baada ya wiki mbili, na kutoka hapa kaka yangu peke yake alikuwa wa boti la pili. Lilipokuja hakuwepo. Askari wakaipekua nyumba yetu mpaka chini ya vitanda." Akamtazama Konstebo. "Najua ameshakwambia. Huyu hamalizi kusalimia kabla hajasema."

Konstebo akaanza kuchunguza dari.

"Kambini mabuti haya waliyafanyaje?" Inspekta aliuliza.

"Waliyatupa. Koplo aliporudi alitueleza. Siku ile ile ya kufika walivuliwa yote, wakapewa ya jeshi. Baba ilimuuma sana."

"Kwa hiyo mtu aliyekufa na buti la baba yako mguuni..."

"Hakufika kambini," Bi Fundi alimalizia. Hakuwa mzito wa kichwa mama yule. Akaweka kiatu cha mteja chini, akapanda juu ya kigoda na kushusha sanduku la mbao kutoka kwenye rafu. "Baba hakuamini namba za viatu. Kila mteja alisimama peku juu ya karatasi ya kaki, baba akamchora unyayo, akaandika jina na dosari zake. Za wale wa vita alizifunga pamoja. Hizi hapa."

Inspekta alivua koti, akapanga karatasi zile kwenye meza ya kukatia ngozi na kuanza kuliweka buti juu ya moja moja. Kazi ile ilichukua muda. Unyayo wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili mpana kupita kiasi. Wa tatu ulikaribia, lakini kidole gumba kilizidi. Bi Fundi alikuwa ameshika taa juu ya meza, mkono hautikisiki. Kwenye karatasi ya tisa buti lilikaa juu ya mchoro kana kwamba umechorwa kulifuata. Tena mchoro ule ulikuwa na kidole cha mwisho kilichopindia nje, na pembeni fundi alikuwa ameandika, "Achia nafasi hapa." Na kwenye buti, pale pale, ngozi ilikuwa imeachiwa nafasi.

Juu ya karatasi paliandikwa jina moja: Kinanda.

Konstebo aliketi kwenye kigoda cha mwenyewe bila kukaribishwa. "Haiwezekani. Kinanda yuko mnarani! Jina la nne kutoka juu! Mama yake yu hai mpaka leo, anaishi kwa Koplo. Na Koplo alimwona Kinanda akifa kwa macho yake, afande. Kila mwaka siku ya kumbukumbu anasimama pale anatusimulia, wanaume wazima tunalia!"

"Basi alimwona nani?" Inspekta aliuliza.

Inspekta alihesabu karatasi zilizobaki mezani, kisha akatazama mkono wa kushoto wa Bi Fundi, uliokuwa umeshika moja kifuani.

"Hiyo ni ya kumi na mbili."

"Hii haihusiki."

"Dada, naomba."

Aliitoa. Nyayo mbili za kijana, za kawaida kabisa, na kando ya ule wa kushoto maandishi madogo ya fundi: "Kushoto ongeza kwa ndani, unene wa kidole gumba."

"Alizaliwa mguu mmoja mfupi," Bi Fundi alisema. "Baba alimjengea ndani ya kiatu tangu anaanza kutembea. Ukimwona anapita, anatembea sawa kama wewe na mimi. Mama alituapisha, na hakuna aliyejua, si jirani, si rafiki. Watoto wana midomo, wangemwita majina. Ila boti la pili walikuwa bado hawajapimwa na daktari wa jeshi. Wa kwanza walikuwa wameshapimwa tayari, yeye bado. Akawa hali, hasinzii."

"Kwa kuogopa kwenda?"

"Kwa kuogopa kukataliwa! Rafiki zake wote walikuwa boti la kwanza. Alilia, afande, mwanamume wa miaka ishirini, amekaa hapo hapo ulipoweka koti lako. Mtu wa hivyo anatoroka? Nimejiuliza miaka arobaini. Nimewauliza na watu wa hapa, hakuna aliyetaka kunisikia."

"Afande, mbona ni wazi!" Konstebo alidakia, macho yamemtoka kwa furaha ya kuelewa. "Kinanda kauawa siku zile zile. Na Mtoro kapotea siku zile zile. Kamuua mwenzake, kamfukia, kakimbia!"

Bi Fundi aliiweka taa mezani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Mmemwita mtoro, nimenyamaza. Baba amekufa na aibu hiyo, nimenyamaza. Sijaolewa kwa sababu hiyo, nimenyamaza. Leo mnataka kumtwisha na damu ya mtu?" Akamgeukia Inspekta. "Nimekupa karatasi hizi kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiandika muuaji, jina lake litakuwa hilo, basi. Hana wa kumsemea duniani ila mimi, na mimi nilicho nacho ndicho hicho ulichokiona."

"Sijaandika kitu, dada."

"Lakini utaandika. Lini?"

Inspekta hakuwa mtu wa kudanganya watu ili watulie. "Kesho," alisema.

*

Simu ya kituoni ilikuwa na mkwaruzo, lakini sauti ya Mkuu ilipenya.

"Una jina?"

"Nina jina la marehemu."

"Nakuuliza la muuaji."

"Kuna kijana alipotea mwezi ule ule. Lakini kuna jambo halijakaa..."

"Basi huyo! Alipotea miaka arobaini, hatarudi kulalamika. Jumamosi mgeni anakuja kuuzindua mnara upya, sitaki mifupa kwenye hotuba. Taarifa ipande boti la kesho saa nne."

Simu ikakatwa. Inspekta alichukua fomu, akaandika neno "Mtuhumiwa", akaweka nukta mbili. Kisha akaiweka kando na kuvuta bahasha iliyotoka idara ya kumbukumbu za jeshi, akamsomea Konstebo kwa sauti. Waliopokelewa kambini kutoka kisiwani: kumi na mmoja. Majina yao haya hapa. La nne, Kinanda. Aliuawa wiki ya sita, pamoja na wengine tisa.

"Karani alikosea," alisema Konstebo.

"Karani anaweza kukosea jina. Anakosea na tumbo? Waligawiwa vitanda kumi na kimoja, bunduki kumi na moja, wakala kwa sahani kumi na moja. Kinanda alikuwa chini ya ardhi hapa. Sahani yake alikula nani?"

Konstebo aliacha kuisogeza ndoo. "Mtu mwingine aliitika jina lake."

"Kisiwa kidogo hivi, mtu anapanda boti kwa jina la mwenzake, watu hawamwoni?"

"Hawakuruhusiwa kufika gatini, afande. Ofisa hakutaka vilio. Watu waliagana majumbani, vijana wakakusanyika wenyewe, boti likang'oa nanga alfajiri, tena kwa mvua kama hii. Waliojua nani yuko ndani ni wale waliokuwa ndani. Nao wamekufa."

"Wote?"

Konstebo alijua ni nani aliyebaki. Koplo ndiye aliyemfundisha kuogelea. Ndiye aliyetoa hotuba kwenye harusi yake.

"Sitaki kumwuliza," Inspekta alisema. "Nikimwuliza, atanijibu, na jibu lake ameliandaa miaka arobaini. Twende tu tukawasalimie."

*

Nyumba ya Koplo ilikuwa juu kidogo ya mnara, ndogo, nadhifu, imepakwa chokaa. Yeye hakuwepo. Alikuwa chini kule anafunika shimo kwa turubai ili maji yasiingie, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Aliyewapokea alikuwa mama yake Kinanda, kikongwe wa karibu miaka themanini, macho yameingia ukungu, kavaa sweta la kiume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, hapo hapavuji. Wewe ndiye wa mifupa? Maskini ya Mungu, sijui ni mtoto wa nani. Na yeye ana mama yake mahali."

Konstebo aligeuka akatazama ukuta. Inspekta alitoa daftari.

"Nimesikia habari za mwanao. Wanasema alikuwa shujaa."

Hakuhitaji kusema zaidi. Bibi yule alijinyoosha kitini, akaweka mikono magotini, na uso wake ukachangamka.

"Huyo! Hapa nyumbani alikuwa mvivu, ukimtuma dukani anarudi kesho. Kinanda si walimwita hivyo kwa kelele zake? Lakini kule, Koplo anasema, alikua. Maili ngapi sijui wanatembezwa, na hakubaki nyuma hata siku moja. Kila asubuhi anakata kipande cha boksi, anakikunja, anakisokomeza ndani ya buti la kushoto, chini ya kisigino. Wenzake wanamcheka, yeye anawaambia bila hiki siendi popote. Malengelenge hayo. Ngozi yake ilikuwa laini tangu mdogo."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"La kushoto tu, mama?"

"La kushoto tu. Nimeisikia hii kila mwaka, sikosei hata neno."

Konstebo naye alikuwa ameisikia kila mwaka. Aliijua kwa moyo, pamoja na pahala pa kutulia na pahala pa kufuta machozi. Sasa aliinamisha kichwa, akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Mama, chai umekunywa?" Koplo alikuwa mlangoni, amelowa, mkono mmoja wa shati umebanwa kwa pini begani mahali ambapo hapakuwa na mkono. Alimtazama bibi, akamtazama Konstebo, kisha akamtazama Inspekta. "Tutoke nje," alisema.

Walisimama chini ya upenu, karibu na pipa la maji. Konstebo alibaki ndani na bibi.

"Mabuti ya jeshi ni ya unene mmoja, kushoto na kulia," Inspekta alianza, sauti ya chini. "Mwenye miguu sawa hana shida ya boksi. Kinanda alikuwa na miguu sawa, karatasi ya unyayo wake ninayo. Buti lake ninalo. Na yeye mwenyewe ninaye, yuko zahanati. Sasa niambie, Koplo. Wa boksi alikuwa nani?"

"Unamjua."

"Nataka kusikia kwako."

"Mtoto wa Fundi Viatu." Aliposema hivyo aliegemea ukuta, kama mtu aliyeshusha gunia. "Wewe ni wa kwanza kuniuliza."

"Kinanda ulimuua wewe."

"Nilimsukuma. Tulikutana jioni ile pale juu, palikuwa na shimo la zamani la kuchomea chokaa. Akaniambia haendi, kuna mtu atamvusha usiku. Nilikasirika. Sijui kwa nini nilikasirika vile, labda kwa sababu na mimi nilikuwa sitaki kwenda. Nilimsukuma kwa mikono miwili, nilikuwa nayo bado, akaangukia jiwe. Sikumsikia hata akilia. Nikamfukia shimoni."

"Halafu ukamtafuta mtu wa kuitika jina."

"Tungekuwa kumi, ofisa angeamuru kisiwa kipekuliwe. Rafiki yangu, huyo wa boksi, alikuwa anahangaika aende na sisi, sikujua sababu. Nikamwambia Kinanda kabadili nia, njoo uitike wewe, ila usimwage siri nyumbani, watakuzuia." Koplo alijifuta uso kwa mkono wake mmoja. "Alinikumbatia, afande. Akanishukuru."

"Hakujua kuna maiti."

"Hakujua kitu. Hakuwahi kumkosea mtu. Mguu wake wenyewe niliujua kambini tu. Nilivyorudi, baada ya hospitali miaka miwili, nikakuta kisiwa kinamwita mtoro. Nikitaka kusema, mtu ataniuliza: kama huyu alikwenda, Kinanda yuko wapi? Wakaniuliza mnara tuujenge wapi. Nikawaonyesha pale juu ya shimo. Nani angembishia mwenye mkono mmoja?"

"Na hadithi ya boksi?"

Koplo aliutazama mlango wa nyumba. "Mama aliniuliza mwanawe alikuwaje vitani. Kila siku ananiuliza. Sikuwa na Kinanda wa vitani wa kumpa. Nilikuwa na yule mmoja tu, basi nikampa yule. Kila nilichosimulia ni kweli, afande. Nilibadili jina tu."

Ndani bibi alimwita, chai inapoa. Koplo aliitika "Naam, mama," kama kawaida.

"Asijue," alisema.

"Atajua leo hii hii. Utamwambia wewe, na mimi nitakuwepo. Lakini kuna mtu wa kujua kwanza. Vaa koti."

*

Watu walichungulia milangoni kuwaona wakipita kwenye mvua, na kila mmoja alimwamkia Koplo. Alikuwa haitiki. Bi Fundi aliwaona tangu mbali. Walipofika alikuwa amesimama katikati ya duka, aproni ya ngozi kiunoni, mikono mitupu.

Inspekta hakuzunguka. "Kaka yako hakutoroka. Alipanda boti la kwanza kwa jina la Kinanda ili asipimwe na daktari. Alikufa vitani, siku moja na wenzake. Hakumgusa Kinanda, wala hakujua kwamba Kinanda amekufa. Aliyemuua ni huyu, na amekiri. Ndivyo nitakavyoandika."

Bi Fundi alitafuta kigoda kwa mkono, akakipata, hakukikalia. Alimgeukia Koplo.

"Ulikuja kumzika baba."

"Nilikuja."

"Walikupisha mbele. Ukashika jeneza. Na unajua."

"Nilijua. Sina la kujitetea."

"Sijakuuliza utetezi." Alikaza fundo la aproni. "Kila mwaka unasimama mnarani unawasimulia kifo chake. Mimi siku hiyo nafunga duka, nafunga na dirisha, nisisikie. Kisiwa kizima, mpaka watoto wa shule, wanajua kaka yangu alivyoishi siku zake za mwisho. Asiyejua ni mimi. Anza."

Koplo alimtazama Inspekta, kama anayeomba ruhusa au anayeomba kuzuiwa. Inspekta alimsogezea kiti cha wateja. Akaketi. Aliweka mkono gotini, akatazama sakafu, na sauti aliyoianza ilikuwa ile ile ya mnarani.

"Kinanda alikuwa wa..."

"Nani?"

Alipoanza tena sauti ile haikuwepo, ilikuwa ya mzee tu.

"Kaka yako alikuwa wa nne kwenye mstari, mimi wa tano, nyuma yake. Hakubaki nyuma hata siku moja. Asubuhi anakata boksi, anakunja, anatia ndani ya buti la kushoto."

"Mguu ulimuuma?"

"Ulimuuma. Kulikuwa na matope, boksi likilowa linakuwa uji. Nyonga inavimba. Nilimbebea mfuko."

"Alisema nini?"

"Kuna neno alikuwa analisema kila asubuhi akivaa. Hilo sijawahi kumsimulia mtu. Nisingeweza, maana baba yake Kinanda alikuwa mkulima." Akainua macho. "Alikuwa analigeuza buti la jeshi, analitazama soli, anacheka. Anasema, 'Baba yangu angeliweka sawa hili kwa nusu saa tu.'"

Bi Fundi alijifunika uso kwa aproni. Mabega yakaanza kumtikisika, na kilio kilichotoka humo kilikuwa cha msichana wa miaka kumi na mitano. Inspekta alikwenda akaufunga mlango, maana watu walikuwa wameanza kukusanyika nje. Koplo aliinuka nusu.

"Kaa," Bi Fundi alisema ndani ya ngozi ile. "Endelea."